Nilishikwa mangweni, sasa fomu ya viza inaniuliza

SWALI: Anti habari yako. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Kisauni. Mwaka 2019 tulishikwa mangweni, pale wanapouza mnazi, mimi na wenzangu, tukatupwa kwa karandinga, tukalala seli, asubuhi kortini tukasomewa kulewa na kuleta fujo, nikatoa faini 1,500 nikarudi zangu nyumbani. Sasa nimepata chuo Marekani, I-20 (ile fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi) ninayo, lakini ajenti anayenijazia DS-160, fomu yenyewe ya viza, ashaweka "Hapana" pale wanapouliza kama niliwahi kushikwa, ati haiwezi kuonekana kwa sababu cheti changu cha tabia njema kimetoka safi. Mamangu naye asema nisijichome mwenyewe. Intavyuu ni wiki tatu zijazo. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, hiyo "Hapana" itoe.

Swali lenyewe lisome polepole. Halijauliza kama umefungwa wala kama cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, ni safi, limeuliza kama umewahi kukamatwa AU kupatikana na hatia, hata kama ulisamehewa baadaye. Wewe ulikamatwa, ukalala ndani, ukalipa faini, sasa hapo "Hapana" inatoka wapi? Na anayesaini ni wewe, si ajenti, hata kama yeye ndiye aliyebonyeza kila kitu, na siku ya intavyuu utatoa alama za vidole na kuapa kwamba uliyoandika ni kweli.

Kisa cha mnazi na faini peke yake kwa kawaida hakimnyimi mtu viza. (Ingekuwa wizi au bangi ningekwambia tafuta wakili kwanza, hizo ni habari nyingine kabisa.) Lakini uongo kwenye fomu wakiugundua, sheria yao ya uhamiaji inaweza kukufungia mlango maisha, labda upate msamaha maalum, na hata ukipita leo swali hilo hilo litarudi ukiomba grinkadi au uraia, na fomu ya zamani bado wanayo.

Kwa hiyo nenda masijala ya korti na risiti yako ya faini, kama umeipoteza wape jina na tarehe wakutafutie namba ya kesi, omba nakala ya mwenendo wa kesi yenye muhuri. Nenda mapema, maana masijala zetu unazijua, faili laweza kutafutwa wiki nzima. Kwenye fomu weka "Ndiyo" halafu maelezo mistari mitatu minne: lini, wapi, kosa gani, faini ngapi. Usianze kulaumu polisi wala kusimulia mnazi ulikuwa wa nani.

Kama ajenti ashaituma hiyo fomu, haifunguki tena kurekebishwa, jaza mpya, na kabla ya siku ya intavyuu uulize ubalozi utaitumiaje hiyo namba mpya ya uthibitisho. Kama bado, mwambie akupe namba ya maombi, ile inayoanza na AA, na jibu la swali la siri aliloliweka, umalizie mwenyewe. Akianza kuzungusha maneno, anza fomu yako upya, kuijaza hakulipishwi.

Mama mwonyeshe hilo swali kwa macho yake, umtafsirie neno kwa neno.