Kabla kibarua hakijaota nyasi: namna ninavyosoma takwimu za ajira

Katika robo ya mwisho ya mwaka 2022, kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), kiwango cha ukosefu wa ajira nchini Kenya kilikuwa asilimia 4.9. Maana yake ni kwamba katika kila watu 100 wa nguvukazi, yaani wenye kazi pamoja na wanaoitafuta, wasio na kazi hawakufika hata 5. Anayeishi Mombasa kama mimi, akiona vijana wenye shahada wakigombania abiria kwenye stendi za bodaboda, ana haki ya kuuliza idadi hiyo ilipatikana vipi.

Jibu liko katika swali linaloulizwa na karani wa utafiti. Anayehojiwa huhesabiwa kuwa na ajira ikiwa katika siku 7 zilizopita alifanya kazi ya malipo au ya faida, ingawa ni kwa saa moja tu. Ili ahesabiwe hana ajira, ni lazima awe hakufanya kazi yoyote ya namna hiyo, awe tayari kuianza, na awe ameitafuta katika wiki 4 zilizopita. Jirani yangu ana diploma ya uhasibu, lakini riziki yake ni kufua nguo za watu Nyali siku mbili kwa wiki. Katika takwimu, huyo ana kazi. Na aliyechoka kupiga nakala za vyeti na kulipa nauli kila Jumatatu, akaamua kubaki nyumbani, hayumo kabisa katika hesabu ya wasio na ajira.

Ni haki niseme kwamba kipimo hiki hakikubuniwa Nairobi ili kutuhadaa. Kimetoka katika viwango vya Shirika la Kazi Duniani, nacho hutumika takriban kote. Ila katika nchi ambako aliyeachishwa kazi hulipwa fao na serikali, mtu anaweza kukaa miezi kadhaa akitafuta kazi inayolingana na ujuzi wake, na muda wote huo akahesabiwa hana ajira. Kwetu fao hilo halipo. Wiki haiishi kabla mtu hajaingia kwenye vibarua, kwa kuwa watoto lazima wale, na papo hapo anahamia upande wa wenye ajira. Kwa hiyo asilimia ndogo ya ukosefu wa ajira inaweza kuwa dalili ya ufukara, nami naona ni kosa kubwa viongozi kuitaja majukwaani kana kwamba ni ushindi.

Takwimu ninayoitazama kwanza ni ile inayogawa ajira mpya kwa sekta. Ripoti ya uchumi ya KNBS ya mwaka 2025 ilionyesha kwamba kati ya ajira mpya 782,300 za mwaka 2024, ajira 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, vibanda na uchuuzi. Hapo ndipo hali yetu inapoonekana.

Tatizo la pili ni kwamba takwimu huja zikiwa zimechelewa. Mwaka 2020, kiwango kilipanda kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza hadi 10.4 katika robo ya pili, lakini sisi tuliokuwa tukifanya kazi katika hoteli za Pwani tulijua mambo yameharibika tangu Machi, safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa katika ofisi ya uhasibu ya hoteli moja. Kwanza ziliondolewa saa za ziada. Kisha muuza samaki, aliyezoea kulipwa kila Ijumaa, akawa anaketi kwenye benchi la langoni tangu asubuhi hadi magharibi akisubiri hundi. Baadaye ikabainika kwamba makato ya Sacco, yaani chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo, yalikuwa yakitolewa kwenye mishahara yetu bila kufikishwa kwenye Sacco.

Dalili hii ya mwisho ndiyo ninayowasihi wasomaji waichunguze kila mwezi. Linganisha hati yako ya mshahara na taarifa ya NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na ya Sacco. Mwajiri anayeanza kuchelewesha makato ya wafanyakazi ana upungufu wa fedha, hata akisema biashara inanawiri.

Kuhusu akiba, wengi wetu tunajiona salama kwa sababu ya Sacco, na Sacco ni jambo jema. Hata hivyo, amana za huko hazitolewi siku ya shida: kwa kawaida ni lazima ujiondoe uanachama, utoe notisi ambayo mara nyingi ni ya siku 60, na usiwe unamdhamini mtu yeyote katika mkopo. Ukiwa umewadhamini wenzako wa kazini, na nyote mkaachishwa siku moja, akiba yako itashikwa kwa madeni yao. Mimi sidhamini tena mtu tunayelipwa na mwajiri mmoja, hata kama ni rafiki wa chanda na pete. Fedha za kodi ya nyumba na chakula cha miezi mitatu nimeziweka kando, katika mfuko wa soko la fedha, yaani mfuko wa uwekezaji wa muda mfupi, ambao hunilipa ndani ya siku chache. Mikopo ya simu niliimaliza yote mapema, maana deni la wiki mbili huwa mzigo wa kutisha mshahara unapokatika.

Bima ya afya nayo husahaulika. Tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, lakini asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Tenga fedha hizo ungali kazini.

Na ukiitwa ofisini kuambiwa nafasi yako imeondolewa, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa haki ya notisi ya mwezi mmoja au malipo badala yake, fedha za likizo ambayo hukuichukua, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Afisa wa leba naye lazima ajulishwe. Weka nyumbani nakala za mkataba wako na za hati zote za mshahara, kwa sababu barua pepe ya ofisi inaweza kufungwa kabla hujatoka langoni.