Ilunga Pierre wawili, nkambo moya

SWALI: Yambo yaya. Mutoto wa baba mudogo alitengeneza mti ya familia yetu ku FamilySearch (site ya internet ya miti ya familia), akaweka kama nkambo yetu Ilunga Pierre ni ule alibatizwaka mutoto mudogo mu 1931, karibu na Kamina. Lakini baba mukubwa anasema nkambo alifikaka huku Élisabethville (Lubumbashi ya leo) kwa kazi ya Union Minière, kampuni ya shaba, mbele ya 1940, na alikuya na bibi na mutoto. Familia yote inafurahia ile mti, mi naogopa kusema. Nifanye nini?
Binti ya Katuba

JIBU: Binti, uko na haki ya kuuliza. Mutoto wa 1931 alikuwa bado na miaka 9 mu 1940, bibi angemupata wapi? Kama baba mukubwa anakumbuka muzuri, hapo kuko batu wawili, na nkambo yako bado hajaonekana mu ile buku ya batizo.

Ilunga ni jina ya batu mingi sana ku Baluba, na Pierre vilevile, basi jina na mwaka peke yake haitoshi hata kidogo, fuata bibi na batoto. Toka mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuacha bafanyakazi bakae mu kambi na bibi yabo, na juu ya posho kampuni ilikuwa inaandika batu ba nyumba, njo maana kama kuko mutu mu familia alichungaka karatasi ya kazi ya nkambo, tafuta pale jina ya bibi, ya batoto, ya mugini. Ukiona bibi ule baba mukubwa anataja, umeshafika.

Angalia pia majina yenye ilibadilika. Mu 1972 Mobutu alikatazaka majina ya kikristu, kwa hiyo mu karatasi za nyuma ya ule mwaka mara mingi Pierre hautamuona tena, utaona Ilunga na jina ingine ya nkambo zake. Na Jadotville ya mbele njo Likasi ya leo, batu mingi banaandika miji mbili juu ya hiyo. Tena kama mutoto alilelewaka na baba mukubwa, mara mingi ule baba mukubwa njo aliandikwaka kama baba yake, hiyo inaharibu miti mingi.

Sasa kusahihisha. Ongea kwanza na ule ndugu yako peke yake, kwa simu, si mu grupu ya familia. FamilySearch ni mti moya ya batu bote, kwa hiyo musifute Ilunga wa 1931, ule naye ni nkambo ya batu. Mutoe paka bibi na batoto benu kwake, mubaweke kwa Ilunga mupya, na muandike sababu: umri haikubali, na baba mukubwa anasema hivi. Baba na mama ya ule wa 1931 babaki kwake, si benu.

Na baba mukubwa, umurekodi hii wiki, na umuulize kambi gani, jirani nani, na bibi alizaliwaka wapi.