Timu 14, mkono mmoja

Katika toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili habari za Edwin Jackson, mrushaji wa besiboli aliyechezea timu 14 tofauti za Ligi Kuu ya Marekani. Barua zilizokuja zimenishangaza kwa wingi wake, na nyingi zinamcheka. Kwa hiyo leo safu yote nampa yeye.

Shikamoo Mzee. Mtu akifukuzwa na timu 13, hiyo ya 14 inamchukua ya nini? Kwangu mimi huyo ni garasa. Nisahihishe kama nimekosea.

Marahaba, mwanangu. Umekosea, na kosa limeanzia kwenye hesabu. Umehesabu milango aliyotokea, ukasahau kwamba kabla ya kila mlango wa kutokea alipita kwanza mlango wa kuingilia. Timu 14 zilimtaka. Garasa hatafutwi mara 14.

Tuanze na kazi yenyewe. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mkononi ana mpira wa gramu 145 hivi, wenye ngozi nyeupe na mshono wa uzi mwekundu. Kazi yake ni kuupitisha kwenye eneo dogo mbele ya mpigaji, kati ya magoti na kifua, bila mpigaji kuupata vizuri. Akikosa eneo hilo mara nne, mpigaji anatembea zake hadi kituo cha kwanza bila jasho. Hicho tukiite kituo cha bure.

Jackson alirusha zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na aliendelea kurusha hivyo mwaka baada ya mwaka. Kasi ya namna hiyo haifundishwi. Unakuwa nayo au huna. Tatizo lake lilikuwa kuulenga mpira. Siku mpira ukimtii, hakuna aliyemgusa. Siku ukimgomea, aligawa vituo vya bure kama peremende. Sasa jiweke mahali pa kocha: unaona mkono ule, unajisemea moyoni, “Huyu akinyooshwa kidogo tu, nimepata dhahabu.” Makocha wengi walisema hivyo. Ndiyo maana alitafutwa, na ndiyo maana aliachwa.

Nina daftari la karatasi za mistari ninaloandikia warushaji, ukurasa mmoja kwa kila mtu. Jackson ukurasa ulimjaa, nikabandika karatasi ya pili kwa gundi, kisha ya tatu. Mstari wa kwanza kabisa unasema: Septemba 9, 2003, Dodgers wa Los Angeles. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 20. Mechi yake ya kwanza katika Ligi Kuu, mpinzani wake juu ya kichuguu ni Randy Johnson wa Arizona, mmoja wa warushaji wakali kuliko wote waliowahi kutokea. Kijana akashinda.

Chini zaidi kuna mstari nilioupigia duara kwa kalamu nyekundu: Juni 25, 2010. Wakati huo yeye ndiye alikuwa mrushaji wa Arizona, na mchezo ulikuwa uwanjani kwa Tampa Bay, timu aliyoichezea misimu mitatu. Mchezo una awamu tisa, na katika kila awamu timu hupiga hadi wapigaji wake watatu watolewe. Katika awamu tatu za kwanza alitoa vituo vya bure saba. Saba! Awamu ya tatu vituo vyote vitatu vilijaa, wote kwa kutembea, na hakuna hata mpigaji mmoja aliyekuwa ametolewa. Mrushaji mwingine angeshuka hapo, na nisingemlaumu kocha. Jackson akabaki, akawatoa watatu waliofuata, na hakuna aliyefika nyumbani, yaani hakuna aliyezunguka vituo vyote na kupata pointi. Akaendelea hivyo hivyo, anaikwepa hatari moja na kuingia nyingine, hadi awamu ya tisa. Mrushaji anayeanza mchezo kwa kawaida hupumzishwa akikaribia mirusho 100. Yeye alirusha 149. Mwisho wa yote Tampa Bay hawakuwa wamepata pigo halali hata moja, na Arizona wakashinda 1-0.

Kuna warushaji wakubwa waliostaafu bila kuuonja mchezo wa namna hiyo. Nami ninaupenda kuliko michezo mingi safi niliyowahi kuiandika, kwa sababu mtu alikuwa anapambana na mkono wake mwenyewe mbele ya watu wote, na hakuomba kutoka.

Siku 35 baadaye, Arizona wakampeleka Chicago White Sox.

Mzee wangu, hilo ndilo nisilolielewa. Mtu amewafanyia jambo kubwa hivyo, wanampelekaje pengine bila kumuuliza? Hana mkataba?

Mkataba anao, lakini kule timu inaweza kuuhamisha mkataba pamoja na mtu wake. Katika soka tumezoea mchezaji akae mezani, akubaliane maslahi, asaini. Katika besiboli ya Marekani timu mbili zinabadilishana wachezaji, na mhusika anapigiwa simu kuambiwa kesho aripoti wapi. Mke, watoto, kodi ya nyumba, yote anayapanga akiwa njiani.

Kanuni inampa mchezaji haki ya kukataa akiwa ametimiza miaka 10 katika Ligi Kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu hiyo hiyo. Itazame vizuri kanuni hiyo. Inamlinda aliyetulia. Anayehitaji ulinzi zaidi, yule anayerushwa huku na kule, hawezi kuifikia kamwe, kwa sababu miaka mitano mahali pamoja ndiyo kitu asichopewa. Jackson alicheza misimu 17 na kanuni hiyo haikumgusa. Wapo wanaoweza kuweka kifungu cha kukataa katika mkataba wao, lakini kifungu hicho hupewa wenye majina mazito. Naiona si haki, na nimekuwa nikisema hivyo kwa miaka.

Kisa kibaya zaidi ni cha Julai 27, 2011. White Sox walimpeleka Toronto. Toronto, siku hiyo hiyo, wakampeleka St. Louis. Kwa saa chache alikuwa mchezaji wa Toronto bila kuvaa jezi yao. Ila usimsikitikie sana kwa hilo, maana miezi mitatu baadaye St. Louis walikuwa mabingwa wa Marekani. Yeye ndiye aliyeanza mchezo wa nne wa fainali dhidi ya Texas. Akaupoteza 4-0, vituo vya bure saba tena, lakini ubingwa alibeba.

Na Toronto? Mei 2019 Oakland wakampeleka huko, safari hii kwa malipo ya fedha, hapakuwa hata na mchezaji wa kubadilishana naye. Alipopanda kichuguu akiwa na jezi yao, hatimaye, ikawa timu ya 14 na rekodi.

Ndugu mwandishi, maisha ya hivyo yanalipa? Au mtu anazeeka na masanduku tu?

Yanategemea umezunguka kwenye daraja gani. Jackson alipata mkataba mnono mmoja: Chicago Cubs walimpa dola milioni 52 kwa miaka minne kuanzia 2013. Mwaka huo huo wa kwanza akapoteza michezo 18, maana kule ushindi na kipigo huandikwa kwa jina la mrushaji. Julai 2015 Cubs wakamwachia, lakini fedha zilizobaki kwenye mkataba zilikuwa zake.

Baada ya hapo ndipo maisha halisi ya mrushaji wa kuhamahama yalipoanza. Mikataba ya ligi za chini: unakwenda kambini bila uhakika wa nafasi, unasubiri mrushaji wa timu ya juu aumie bega, ndipo unaitwa. Ukifanya vibaya, wanakuondoa kwenye orodha ya wachezaji 40 ambao timu ya juu inaweza kuwatumia, na timu ina siku saba za kuamua kama itakuhamisha, itakushusha au itakuachia. Siku hizo saba huna timu unayoweza kuiita yako, na mazoezi ya kurusha unafanya na rafiki au ukuta.

Tofauti ya kipato kati ya Ligi Kuu na ligi za chini inatisha. Mwaka 2025 mshahara wa chini kabisa katika Ligi Kuu ulikuwa dola 760,000. Ngazi moja tu chini yake, makubaliano ya 2023 yaliweka kima cha chini cha dola 35,800 kwa mwaka, na wachezaji waliyashangilia, kwa sababu kabla ya hapo kilikuwa 17,500. Kwa hiyo simu moja ya kuitwa juu, hata kwa wiki tatu, inaweza kulipa zaidi ya msimu mzima wa chini. Usimcheke mtu wa miaka 35 anayeisubiri. Zaidi ya hapo, siku 43 za utumishi katika Ligi Kuu zinatosha kumpa mchezaji haki ya pensheni. Wapo wanaokomea siku ya 40.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mrushaji wa aina hii jembe anakabidhiwa mlangoni. Anatua asubuhi, jioni yuko kichuguuni, anarusha kwa mdakaji ambaye ishara za vidole vyake amejifunza mchana ule ule.

Mzee, rekodi yake ya ushindi ikoje? Na kuna aliyemfikia kwa idadi ya timu?

Ushindi 107, vipigo 133. Sifichi. Lakini kupoteza michezo 133 katika ligi ile kunataka watu waendelee kukupa mpira miaka 17, na hawakupi kwa huruma. Alistaafu Septemba 2021, wiki chache baada ya kurudi kutoka Japani na medali ya fedha ya Olimpiki akiwa na timu ya taifa ya Marekani.

Aliyeshikilia rekodi kabla yake ni Octavio Dotel wa Jamhuri ya Dominika, timu 13. Na hapa daftari langu lina mshale mrefu unaovuka kurasa mbili: ile siku ya Julai 2011 Jackson alipopitishwa Toronto, Dotel alikuwa katika kundi hilo hilo lililokwenda St. Louis. Walibeba ubingwa pamoja.

Aliyemfikia Jackson ni Rich Hill, mrushaji wa mkono wa kushoto. Katikati ya mwaka 2015 hakuwa na timu ya Ligi Kuu, akaenda kurusha katika ligi huru, nje kabisa ya mfumo, kisha akarudi. Julai 2025, akiwa na miaka 45, alivaa jezi ya Kansas City, timu yake ya 14. Mchezo huo ulichezwa Wrigley Field, Chicago, nyumbani kwa Cubs, timu iliyompa mechi yake ya kwanza mwaka 2005. Nimemfungulia ukurasa wa pili, na gundi nimeiacha mezani.