Maswali na Majibu: Kozi za Ubongo na Kuona

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia hapa Shangani, Mtwara. Nimekubaliwa kusoma uzamili wa miaka miwili Ulaya, sayansi ya ubongo kwa njia ya ukokotoaji, na lengo langu ni mfumo wa kuona. Muhula wa kwanza nachagua kozi nne kati ya saba, kila moja krediti 6: modeli za nyuroni (seli za neva), takwimu za data za neva, fiziolojia ya neva, saikofizikia ya kuona (kupima mtu anaona nini anapoonyeshwa kitu), ujifunzaji wa mashine, utambuzi wa picha kwa kompyuta, na falsafa ya akili. Nishike zipi?

JIBU: Marahaba, na hongera mwalimu. Chukua nne za mwanzo kwenye orodha yako. Ujifunzaji wa mashine na utambuzi wa picha ziache hadi muhula wa pili, hata wenzako wote wakikimbilia huko. Masomo ya hizo mbili yamejaa mtandaoni bure. Saikofizikia huipati hivyo. Inataka chumba chenye giza, skrini iliyopimwa mwanga wake, na mtu wa kukuonyesha kwamba kinachohesabiwa ni ukubwa wa picha kwa nyuzi za pembe (digrii) machoni, si kwa sentimita kwenye skrini. (Kitu cha sentimita 1 kikiwa umbali wa sentimita 57 kinachukua nyuzi 1, ndiyo maana maabara nyingi hupenda umbali huo.) Falsafa isome jioni.

Fiziolojia usiiruke kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Wanahisabati wengi hukwama hapo: wanajenga modeli safi ya kitu kisichokuwepo. Retina ya binadamu, yaani utando wa nyuma ya jicho, ina vipokea mwanga zaidi ya milioni 100, lakini neva ya jicho, inayopeleka habari kwenye ubongo, ina nyuzinyuzi kama milioni 1 tu. Maana yake habari huchujwa na kubanwa humo humo jichoni. Hubel na Wiesel, waliopata Nobel mwaka 1981, walikuta kwenye gamba la kuona (sehemu ya ubongo inayoshughulikia picha) la paka seli zinazoitikia mstari wa mwelekeo fulani. Seli hizo hupokea kilichokwisha kuchujwa, kwa hiyo modeli inayoanza na picha ya kamera moja kwa moja imeruka hatua.

Modeli za nyuroni ndiyo itakayokutoa jasho, hasa kama milinganyo tofautishi uliiacha chuoni. Jipime kabla ya safari. Andika kwa Python (lugha ya kompyuta) nyuroni rahisi inayovuja, yaani isiposukumwa volteji yake hurudi kwenye mapumziko: volteji ya mapumziko milivolti -70, kizingiti -50, baada ya kufyatua (kutoa ishara) irudi -70, ukinzani megaomu 10, kidumu cha muda milisekunde 20. Tumia njia ya Euler (kukokotoa mabadiliko hatua kwa hatua) kwa hatua ya milisekunde 0.1. Ukiipa mkondo wa nanoampea 1.9 itapanda hadi karibu -51 na kutulia bila kufyatua. Ipe 2.5, itafyatua kama mara 31 kwa sekunde. Ukipata namba za ajabu, kwanza angalia vipimo; mara nyingi mtu amechanganya volti na milivolti. Kisha rudi kwenye 1.9, uongeze hatua hadi milisekunde 30: volteji itaruka hadi -41.5 kwa hatua moja, na nyuroni isiyopaswa kufyatua itafyatua. Ukiweza kueleza kwa kalamu kwa nini, kozi hiyo unaiweza. Ukishindwa, omba kozi ya kujazia msingi wa hisabati badala ya takwimu, na takwimu uichukue baadaye.

Krediti 1 huko ni saa 25 hadi 30 za kazi, hivyo kozi nne ni saa 600 hadi 720. Vipindi vya darasani vitaonekana vichache. Usidanganyike ukaongeza ya tano.

SWALI: Niko Nachingwea, ni mtaalamu wa programu. Nataka kutengeneza mashine ya kuchambua korosho zilizobanguliwa kwa kamera. Nami nisome ubongo?

JIBU: Hapana. Soma utambuzi wa picha kwa kompyuta, na nusu ya akili yako uiweke kwenye taa. Kwenye daraja la korosho liitwalo W320, namba inahusu ukubwa, yaani punje zisizozidi 320 kwa ratili moja. Rangi na kuvunjika ni vipimo vingine. Mwanga wa dirishani ukibadilika, punje nyeupe itasomeka kama iliyoungua. Funika kamera kwa boksi, tumia taa za aina moja, na weka kipande cheupe kwenye kila picha kama kipimo.

SWALI: Nimemaliza fizikia, niko Masasi. Ada ya nje siimudu.

JIBU: Masomo na mazoezi ya Neuromatch Academy, shule ya mtandaoni ya sayansi ya ubongo kwa ukokotoaji iliyoanza mwaka 2020, yako wazi mtandaoni, nayo ni ya Python. Yapakue usiku yote kwa mkupuo. Iko pia shule fupi ya fani hiyo hiyo iitwayo Imbizo, karibu na Cape Town, ambayo hufanyika Januari. Utakapoomba nafasi popote, onyesha programu ya nyuroni tuliyoieleza hapo juu pamoja na grafu zake mbili, ya 1.9 na ya 2.5. Cheti cha kutazama video hakimwambii msaili mengi.