Pima maji kwanza, kamera baadaye

Mdogo wangu unayeanza kupiga picha ndefu za ziwa (panorama) kwa kamera za kizamani, kabla hujanunua mkanda wa filamu wa pili pitia duka la vifaa vya ujenzi, nunua pima maji ndogo, kile kifaa cha fundi chenye kiputo cha kuonyesha usawa. Nasema kwa uchungu. Mkanda wangu wa kwanza niliupiga kwenye mawe ya Capri Point hapa Mwanza, kamera nimeisawazisha kwa macho tu. Nilipousafisha, Ziwa Victoria lilikuwa limebenuka kama mgongo wa kiboko. Picha nne, zote hivyohivyo.

Ninayotumia ni Kodak Panoram namba 1, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1900. Lenzi yake haitulii. Springi inaizungusha kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mkanda umelazwa ndani kwa kujipinda kama upinde, ukipokea mwanga kidogo kidogo kupitia mwanya mwembamba. Inameza mandhari yenye upana wa nyuzi 112 kwa mpigo. Ukiinamisha kamera, mstari wa maji unapanda katikati; ukiiinua, unazama kama bakuli. Porini kosa hilo hujificha kwenye vilima, ila ziwa halikufichii siri. Pima kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Wengi huishia kipimo cha kwanza.

Vitu vinavyotembea vina vituko vyake. Chombo kinachoelekea upande uleule lenzi inakozungukia hurefuka, kinachokuja kinyume hufupika. Kivuko cha Kamanga kiliwahi kunitokea kirefu kama treni. Nimekitundika sebuleni hadi leo, wageni hubishana. Watu nao, ukiwapanga akina mama wa dagaa mstari mnyoofu mbele ya vichanja, wa katikati watatokea wakubwa na wa pembeni wadogo. Wapange nusu duara, kamera iwe katikati yao, na kwenye karatasi watasimama mstari mmoja. Waombe ruhusa kwanza, tafadhali.

Mkanda wa saizi iitwayo 120 wa siku hizi una upana unaofaa, lakini kigurudumu unachoviringishiwa si cha vipimo vya zamani, kwa hiyo fundi atakutengenezea vipande vya kukishikia. Unapata picha nne, kila moja kama sentimita 6 kwa 18. Kabla ya kuweka mkanda ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu ndani ya kamera na ukague ile ngozi inayoshika lenzi. Ya miaka mia na ushee haikosi tundu.

Dawa ya kusafishia mkanda imepimiwa nyuzi 20 za joto, na maji yetu ya bomba ni ya moto kuliko hapo. Mimi huzamisha chupa ya dawa kwenye beseni lenye barafu ya mfuko.

Kuchapa picha kwenye karatasi ndiko Mwanza inakotubeba, kwa jua lake. Sayanotipu, uchapaji wa buluu aliobuni John Herschel wa Uingereza mwaka 1842, hautaki mashine ya kukuzia wala umeme. Gramu 25 za feriki amonia sitreti kwenye mililita 100 za maji, gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 nyingine. Changanya sawa kwa sawa unapotaka kutumia, paka karatasi chumbani kusiko na jua, ikauke. Ferisianidi isikutane na asidi kali hata siku moja, hutoa gesi ya sumu. Bana negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, na karatasi chini ya kioo cha dirisha, utoke juani. Kwa negativu zangu, saa sita mchana ni dakika 10 hadi 15, lakini usikodolee saa, tazama ukingo wa karatasi: ukitoka kwenye kijani-manjano na kuwa kijivu kama jivu la mkaa, ingiza ndani. Negativu nzito, iliyokolea weusi, ambayo mwenye studio angeilaumu, ndiyo hapa inang'ara.

Osha kwa maji matupu hadi umanjano uishe. Sabuni hula buluu; shemeji yangu alinisaidia kuosha trei na picha ikiwa ndani, ikabaki kivuli. Matone machache ya limao kwenye maji ya kwanza huisaidia. Kisha ianike kivulini, na hata ikikuonekania hafifu jioni usiitupe. Itazame tena kesho asubuhi, buluu huendelea kukolea ikikaa hewani.