Kipokezi cha Bei ya Nyanya

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Kisumu. Mwanafunzi aliandika, "Nasikia harufu ya omena." Mwenzangu wa Kiswahili akamkata alama na kuandika "nahisi" kwa wino mwekundu. Kakosea nani? Na zile sehemu za mwili zinazopokea joto, mguso na harufu, ni vipokezi vya hisi au vya hisia?

JIBU: Mrudishie mtoto alama yake. Kusikia si kazi ya masikio peke yake. Tunasikia baridi, njaa, usingizi na harufu. Kunusa ni kusogeza pua kwa makusudi, na omena akianikwa hangoji unuse. Vipokezi ni vya hisi. Hisia tuwaachie wapenzi na waliofiwa. Yote mawili shina lake ni Kiarabu, tuendelee.

Kinachonikera ni hiyo "nahisi", ambayo siku hizi imekuwa dawa ya kila ugonjwa. Juzi nilikuwa soko la Kibuye nikichagua nyanya. Kijana kando yangu akamwambia muuzaji, "Mama, nahisi kama hiyo bei iko juu."

Unahisi? Kwa kipokezi gani? Ngozi ina vipokezi vya joto na vya baridi, kila kimoja na kazi yake, ina vya mgandamizo, ina vya mtetemo. Puani mna aina takriban 400 za vipokezi vya harufu. Mdomoni mna kile cha joto kali, kinachoshtuka likipita nyuzi 43 hivi, na ambacho pilipili hukihadaa kikapiga kelele za moto pasipo moto. (Aliyesema pilipili inawasha hakuwa na maabara.) Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua mwaka wa 1997, na mwaka wa 2021 akagawana Tuzo ya Nobeli na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mguso. Cha bei ya nyanya hawakukitaja.

Bei huonwa, hukisiwa, hudhaniwa. "Naona bei imepanda" ingemtosha kabisa, na huenda angepunguziwa. Yule mama alimtazama, akafunika ndoo yake, akasema, "Kama unajihisi vibaya, hospitali ni pale mbele." Nilinunua kwake bila kuteta bei.

"Nahisi harufu" yenyewe siiiti kosa. Kosa ni kumwadhibu aliyesema vizuri zaidi.

Vipokezi vingi hushtushwa na mabadiliko, kisha huzoea. Shati ulilovaa asubuhi hulisikii tena mwilini, na wanaoanika omena kule Dunga hukushangaa wewe unayeziba pua. Sikio langu tu ndilo limekataa kuzoea. Ila jana jioni binti yangu alinikuta nimeinamia barua zenu, akaniambia, "Baba, nahisi kama umechoka." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, nimechoka.