Nifute kila `if` ndani ya kitanzi cha kerneli?

Swali: Mimi ni fundi mtandao, Malindi. Ruta za hoteli ninazohudumia huku Casuarina zinatumia Linux na moduli yangu ya kerneli (kiini cha mfumo) inayotafuta anwani ya simu ya mgeni kwenye jedwali la hashi. Ndani ya `for (e = kichwa; e; e = e->next)` nimeweka `if (!e) continue;` na `if (e->imefutwa) continue;`. Wenzangu wanasema matawi yote hayo, yaani hizo `if`, yanakula kasi. Niyafute?

Jibu: La kwanza futa, la pili usiliguse.

La kwanza ni la bure: sharti la kitanzi limeshahakikisha `e` si tupu. Ila usingoje kasi. Kwa `-O2` (chaguo la kuboresha kasi) kompaila ilishalitupa yenyewe. Linganisha `objdump -d`, inayoonyesha maagizo ya mashine, ya faili mbili za `.o`, yenye `if` hiyo na isiyo nayo, uone. Usilichanganye na ukaguzi unaokuja baada ya pointa kutumika. Huo kerneli huubakiza makusudi kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`, tangu 2009, kompaila ya GCC ilipoufuta kwenye dereva ya tun, ya mtandao pepe (CVE-2009-1897) na kuwafungulia wavamizi mlango. Wa namna hiyo hupandishwa juu ya matumizi, haufutwi.

La pili ndilo linalomzuia mgeni aliyekwisha kurudisha ufunguo wa chumba. Chini ya RCU, njia ya kerneli ya kusoma data bila kufuli, msomaji aliyeingia mapema bado anaweza kukikuta kipengee kilichoondolewa.

Sasa hii imani kwamba kila `if` ni mzigo, jamani! Tawi linaloelekea upande uleule karibu kila mara, prosesa hulibashiri, na gharama yake haionekani. Likibashiriwa vibaya, prosesa nyingi kubwa za kisasa hupoteza mizunguko 15 hadi 20. Kufuata `e->next` isiyokuwemo kwenye kachi (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) hugharimu mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo hesabu ndoo zako, yaani mafungu ya jedwali la hashi, kila moja na mnyororo wake: wageni 2,000 kwenye ndoo 16 ni minyororo ya wastani wa 125, kwenye ndoo 1,024 hawafiki wawili. Kisha pima kabla na baada, `perf stat -a -r 10 -e branch-misses,cache-misses sleep 10`, ruta ikiwa na kazi.

Baadhi ya wauza “kerneli za kasi” hawapimi. Hunyunyiza `unlikely()`, alama ya tawi lisilotarajiwa, ambayo hupanga tu msimbo, halafu wanaweza kung'oa hata `array_index_nospec`, kinga iliyowekwa 2018 kwa ajili ya Spectre, udhaifu wa prosesa unaovujisha siri kupitia ubashiri huo. Ukiletewa kerneli kwenye flashi bila pachi ya kusoma wala vipimo, usiiweke kwenye ruta ya mteja.